Kuchagua pleti za CTP ukiwa na presi Tanga: anza na leza, bei iache mwisho

Wenye presi wa hapa Tanga wakiuliza habari za pleti swali la kwanza huwa ni boksi shilingi ngapi, la pili "za Mchina zipo?" Mie huwa namrudishia mtu swali: leza yako ya aina gani? Kwani hapo ndipo nusu ya mambo yanapoamuliwa na wala pesa haijaingia bado. Pleti ya CTP imepakwa dawa inayosikia mwanga wa aina yake tu, ukiipiga na mwanga usio wake utapiga mpaka kesho na ukiipitisha kwenye developa (dawa ya kuoshea pleti) inatoka tupu au inatoka na dawa yote ipo palepale, na boksi ulishalipia.

Kwa ambaye ndo anaingia kwenye kazi hii, CTP ni mashine inayopokea kazi kutoka kwenye kompyuta na kuichora moja kwa moja kwenye pleti, mambo ya filamu na kubandika filamu juu ya meza ya taa hakuna tena. Pleti yenyewe ni bati la alumini ambalo kiwandani limekwaruzwa kwa umeme ili lishike maji, likawekewa tabaka gumu la oksaidi, halafu ndo likapakwa dawa. Dawa inayobaki baada ya kuosha inapokea wino, alumini iliyobaki uchi inapokea maji, basi, ofseti yote inasimama hapo.

Leza sasa. Ziko koo tatu ambazo utakutana nazo. Ya kwanza thermo, inapiga kwa mwanga wa infraredi wa nanomita 830, hii ndiyo imeenea zaidi, na pleti zake unaweza kuzishika kwenye taa za kawaida kwa muda bila kuharibika, ila soma kwenye boksi muda wenyewe ni kiasi gani, na jua la dirishani siyo taa. Ya pili violeti, nanomita 405, pleti zake zinataka chumba cha taa ya njano na nyingi zinataka prosesa (mashine ya kuoshea pleti) yenye sehemu ya kupasha joto kabla ya developa. Ya tatu ni UV, wengine wanaiita CTCP, inapiga zile pleti za kizamani tulizokuwa tunapiga kwa filamu, nayo inataka taa ya njano.

Sasa hapa kuna mtego. Violeti na UV zote mara nyingi utakuta zimeandikwa 405, kwahiyo mtu anasema si namba ni ileile, nitatumia pleti yoyote. Hapana. Pleti ya violeti ni nyepesi mno kusikia mwanga, ile ya kawaida inataka nguvu mara mamia zaidi, ndo maana mashine ya UV imefungwa leza nyingi na ya violeti ina kijileza kimoja tu. Ukiweka pleti ya kawaida kwenye mashine ya violeti haitasikia kitu, ukifanya kinyume chake unapata pleti iliyoungua yote.

Kama hujui mashine yako ni ya koo gani angalia jina. Suprasetter ya Heidelberg ni thermo, Prosetter ya haohao Heidelberg ni violeti, Trendsetter na Magnus ni thermo, Palladio ya Agfa ni violeti. Cron wao wanatengeneza thermo na UV zote kwahiyo hapo jina halitoshi, soma kibandiko cha leza nyuma ya mashine. Na kama ndo unataka kununua ya mtumba kutoka Ulaya, violeti utazikuta bei poa sana, usizifurahie haraka, huko kwao wengi wamehamia thermo na pleti za violeti zinazidi kuwa ngumu kupata, wewe tafuta kwanza nani Dar anazo stoo leo na atakuwa nazo mwakani, halafu ndo uongee habari ya mashine.

Wengi wetu hapa mjini hatuna CTP, tunatuma PDF Dar na pleti zinakuja na basi. Sawa, lakini usidhani kuchagua pleti hakukuhusu. Muulize anayekupigia ni pleti ya aina gani anatumia, chanya au hasi, amepaka gamu (ute wa kukinga alumini) baada ya kuosha au hajapaka, kwasababu pleti isiyo na gamu ikisafiri usiku mzima kwenye joto la buti inafika imeshaanza kuchafuka. Na mwambie afunge kati ya hadbodi mbili, afunike isipate mwanga (pleti chanya hata ikishaoshwa, jua linaendelea kuidhoofisha sehemu yenye picha), na umpigie kondakta mwenyewe asiilaze chini ya katoni za Kariakoo, kona ikishapinda hiyo pleti haikai kwenye klampu vizuri na rejista yake (rangi kukaa sawasawa juu ya nyingine) utahangaika nayo mpaka uchoke.

Hiyo chanya na hasi nayo usiipite. Kwenye pleti chanya leza inalainisha sehemu isiyotakiwa, developa inaiosha. Kwenye hasi leza inagandisha maandishi na picha, iliyobaki ndo inaoshwa. RIP yako (programu inayogeuza kazi kuwa nukta za kuchorwa na leza) lazima iambiwe unatumia ipi, vinginevyo kadi ya harusi inatoka ardhi nyeusi na majina ya maharusi meupe. Ikitokea hivyo usigombane na muuzaji, ni mpangilio tu.

Ukishajua leza, nenda kwenye mashine ya kuchapa. Watu wanaagiza "pleti za hamsini na mbili" halafu zinakuja haziingii, kwasababu 52 ni upana wa karatasi siyo wa pleti. GTO 52 inakula pleti ya 400 kwa 510 mm, Speedmaster 52 inakula 459 kwa 525, karatasi ya kwanza ni 36 kwa 52 sentimita, ya pili 37 kwa 52. SM 74 ni 605 kwa 745, SM 102 ni 770 kwa 1030. Unene nao: GTO inataka 0.15 mm, hizo kubwa 0.30. Ukiweka nyembamba kwenye silinda inayotaka nene presha inapungua, fundi ataongeza karatasi za kupakia chini, sawa inawezekana kusukuma kazi hivyo, lakini urefu wa picha unabadilika na ukichanganya pleti za unene tofauti kwenye kazi moja ya rangi nne rangi hazitakaa zikakutana. Nunua maikromita, pima kona zote nne za pleti na katikati. Pleti nzuri tofauti yake ni ndogo mno, za ovyo utakuta kona moja inasoma tofauti na nyingine. Angalia na matundu ya pini pia, panchi ya CTP ifanane na pini za mashine yako, la sivyo kila pleti utaikaza kwa macho.

Kuhusu idadi ya nakala, hapa ndo wauzaji wanapotupiga. Anakwambia hii inachapa laki tatu, hii milioni, unalipia zaidi. Jiulize wewe kazi yako kubwa kabisa ya mwaka huu ilikuwa nakala ngapi? Presi nyingi za Ngamiani na Chumbageni zinaishi kwa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda za mwisho wa mwaka, mitihani ya mashule, lebo za maji ya chupa na vipeperushi wakati wa uchaguzi. Kadi ni mia tatu au mia tano. Pleti ya laki moja inakutosha na inabaki. Pleti za milioni kawaida ni zile zinazookwa kwenye oveni ya nyuzi zaidi ya 200 baada ya kuoshwa, na hiyo oveni mie hapa Tanga sijui nani anayo.

Ila kuna kazi zinazokula pleti hata kama nakala siyo nyingi. Karatasi ya bondi ya bei rahisi ina vumbi na chokaa, inasugua pleti kama msasa, na kitabu cha risiti chenye nakala tatu unachapa muda mrefu kuliko unavyofikiri. Wino wa UV (unaokaushwa kwa taa ya UV, usiuchanganye na leza ya UV) ndo kabisa, wino wenyewe na dawa za kuusafisha zinang'oa picha kwenye pleti ya kawaida, hapo omba pleti iliyoandikwa wazi kwamba inavumilia wino wa UV. Halafu wale mafundi wetu wanaoosha blanketi (mpira wa mashine unaopokea wino kutoka kwenye pleti) kwa petroli na mkono huohuo wanapitisha kwenye pleti, hakuna kiwanda duniani kinachotoa dhamana kwa mchezo huo.

Nukta (vile vitone vinavyounda picha) nazo ziende na kazi. Ukichapa kwenye bondi, laini 133 (mistari ya nukta kwa inchi) inatosha, kwenye karatasi ya glosi 150 au 175. Pleti nyingi za thermo zinashika nukta ya asilimia 1 mpaka 99 kwa laini 200, hizo za UV za bei rahisi wengi wanaishia asilimia 2 hadi 98. Kama unachapa vitabu vya risiti tofauti hiyo hutaiona milele. Kama unachapa lebo yenye sura ya mtoto anakunywa maziwa utaiona kwenye shavu, pale weupe unapokatika ghafla badala ya kufifia taratibu.

Zipo pia zile pleti zisizotaka prosesa. Unapiga, unafunga kwenye mashine, maji na wino vinamalizia kusafisha dawa kwenye karatasi za mwanzo. Sonora ya Kodak ni ya aina hiyo. Azura, iliyokuwa ya Agfa, siyo hivyo haswa, yenyewe haina developa lakini inapitishwa kwenye mashine ya gamu kwanza. Nazipenda kwa sababu moja kubwa, hakuna developa ya kununua wala ya kumwaga. Hakuna maji ya kuosha, hakuna mota ya prosesa ya kufa. Lakini jamani zinataka mashine iliyo sawa, rola za maji zikiwa zimechoka pleti haisafishiki vizuri na unachoma karatasi nyingi mwanzoni, halafu picha kwenye pleti haionekani vizuri kwa macho, fundi aliyezoea kuinua pleti dirishani na kusoma tahajia ya jina la bwana harusi hataona kitu cha maana. Kwa kadi, ambako makosa yote huwa ni ya majina, hiyo ni shida kweli. Kama mashine yako ni nzima na kazi zako unazihakiki kwenye pruf (nakala ya majaribio) kabla ya kupiga, chukua. Vinginevyo bado.

Sasa mambo ya pwani, na hapa nitakaa kidogo kwasababu maelezo ya kwenye boksi yameandikwa na watu wasiolala na joto la kaskazi.

Developa ya thermo inataka iwe kwenye nyuzi kama 23 mpaka 25. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Tanga unagonga 32 na zaidi, kwahiyo prosesa lazima iwe na kipoozeo kinachofanya kazi, na prosesa nyingi za mtumba ukifungua utakuta kipoozeo kilishakufa zamani, hita ndo nzima. Developa ikipata moto inakula hata sehemu isiyotakiwa kuliwa. Kwanza zinaondoka nukta ndogo, halafu picha nzima inakuwa dhaifu, na pleti iliyoahidiwa laki inachoka elfu ishirini. Mtu analaumu pleti. Kwahiyo ukinunua muulize muuzaji pleti yake inavumilia developa ya joto kiasi gani kabla haijaanza kupoteza nukta, zile za dawa ya tabaka mbili wengi wanazikuta imara zaidi hapo, na kama hajui anachokizungumza omba karatasi ya kiwanda.

Umeme nao. Ukikatika pleti iko katikati ya leza, hiyo imekufa. Ukikatika pleti iko ndani ya developa, imekufa na inabidi uivute kwa mkono na glavu. Kabla hujafikiria pleti za bei fikiria UPS ya CTP na prosesa, angalau imalizie pleti iliyoko ndani.

Kutunza ni hivi: maboksi yalale flati, juu ya mbao siyo sakafuni, chumba kikavu cha nyuzi 18 hadi 24 hivi. Ukitoa boksi chumba chenye AC ukalifungua palepale kwenye hewa ya masika, unyevu unatua juu ya pleti kama glasi ya maji baridi, na ile karatasi ya katikati inagandana na dawa. Liache boksi lizoee hewa ya chumba cha kazi kwa masaa kadhaa ndo ufungue. Usinunue za miezi sita eti kwasababu kuna punguzo, kwenye unyevu huu stoo ndefu ni hasara.

Halafu maji. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi inaila alumini. Ile unaona pleti ilikuwa safi, mashine imesimama saa ya chakula, mkirudi karatasi zinatoka na vidoa vidogo vya duara sehemu nyeupe, vingine vina kitobo katikati, hiyo ni alumini imeoza kwa unyevu, siyo wino mbaya. Dawa yake ni kupaka gamu kila mashine inaposimama, hata kama ni nusu saa, na kuacha kuchanganya maji ya kisima kwenye tangi la maji la mashine. Nunua kalamu ya kupimia kondaktiviti (kiasi cha chumvi iliyoyeyuka kwenye maji), haina bei kubwa, pima maji matupu kwanza, ukiweka na dawa ya maji hakikisha pH iko kati ya 4.8 na 5.5. Hili lichukulie kama sehemu ya kuchagua pleti, kwasababu pleti yenye oksaidi nene inavumilia zaidi, lakini hakuna inayovumilia chumvi kila siku.

Kabla ya kulipia boksi omba sampuli. Pleti tano hivi, kutoka boksi moja lililofungwa. Usizipige kazi, zipige kipimo: mstari wenye vipande vya asilimia 1, 2, 3, 50, 97, 98, 99. Kwanza shika moja mpya, igeuze kwenye taa kwa pembeni, dawa iwe sawasawa bila mistari wala vivimbe. Ipige, ioshe, chukua lupu (kioo cha kukuzia) uangalie kipande cha asilimia 2. Nukta ziwe duara, kingo kali, zipo zote. Ukiona baadhi zimepotea au zimekatwa upande mmoja, kwenye pleti chanya ama nguvu ya leza imezidi ama developa ni kali, punguza kidogo upige tena kabla hujaikataa pleti. Halafu angalia sehemu nyeupe: dondoshea tone la asetoni kwenye alumini iliyooshwa, likikauka likaacha duara lenye rangi pembeni basi kuna dawa imebaki, na hiyo ndo itakuja kuvuta wino kwenye kazi ukaambiwa mashine inachafua. Kipande cha 50 kipime kwa kifaa cha kusoma pleti kama unacho, ukipata 46 au 54 siyo kosa la pleti, tengeneza kevu (curve) yake kwenye RIP, lakini pleti zote tano zisome karibu sawa. Moja ikisoma 50 nyingine 54 kwa mpangilio uleule, achana nazo.

Baada ya hapo funga moja kwenye mashine uchape kazi ya kweli ya karatasi yako ya kawaida, isiyo ya mteja mkubwa.

Sasa ndo bei. Mfano tu, tuseme pleti moja ni 9,000 na nyingine 11,500. Kazi ya rangi nne mbele na nyuma ni pleti nane, ya kwanza inakugharimu 72,000 na ya pili 92,000, tofauti elfu ishirini. Lakini ile ya rahisi ikikulazimisha kurudia pleti mbili na kutupa karatasi mia mbili za glosi kutafuta rangi, piga hesabu ya karatasi mwenyewe. Weka na developa inayotumika kwa kila pleti, nyingine zinakunywa. Ukipiga hivyo kwa kazi tano au sita utaona ipi rahisi kweli, na wakati mwingine ni ileile ya rahisi, mie sina ubishi na za Mchina, zipo nzuri sana na zipo za ajabu, shida ni boksi la mwezi huu kutofanana na la mwezi uliopita. Ndo maana nasema nakili namba ya toleo iliyoko kwenye boksi, ikija mbaya una cha kumwonyesha muuzaji.

Na muuzaji awe na anuani. Tanga ni ya waja leo waondoka leo, kuna jamaa wanashuka na pleti kwenye basi la asubuhi, wanauza kwa bei ya kutupa, jioni wameondoka, na ukifungua boksi unakuta tarehe ya kuisha ilishapita au unene ni 0.15 imeandikwa 0.30. Muuzaji wa kweli atakuja na mtu wa kukupangia leza na developa siku ya kwanza, bure, na atapokea simu yako wiki inayofuata.

Developa chafu usiimwage mtaroni. Ni kali, inachoma ngozi, na mitaro yetu inaishia baharini. Kusanya kwenye madumu yaliyoandikwa, na ongea na watu wa NEMC, baraza la serikali la mazingira, ujue nani ana kibali cha kuchukua.

Pleti zilizotumika zina hela, wanunuzi wa skrepa wanapita wenyewe kuulizia alumini, pima kwa kilo na hiyo hela itoe kwenye hesabu ya bei ya pleti. Ila za mitihani na vitabu vya risiti zikwangue na uzikunje kabla hazijatoka getini, hata kama jamaa wa skrepa ana haraka.